Meza ya Kukunja Kwenye Tela: Inapoinama, Inapokwama, Inapoliwa na Chumvi

Meza ya kukunja ikianza kusumbua, wengi huulaumu ubao. Wanautoa, wanaweka mnene zaidi, wanaongeza mguu, na safari moja tu ya Pangani inatosha kurudisha tatizo palepale. Ubao huwa na kosa mara chache. Cha kuangalia kwanza ni kile kinachoushika: ukuta wa tela, bawaba, mikono ya chini, na jinsi tela lenyewe lilivyosimama. Ndiyo maana tutaanzia ukutani, na ubao utasubiri zamu yake.

Tela ninalolizungumzia ni lile dogo la ekseli moja, linalovutwa na gari la nyumbani Jumamosi kwenda kuvua mshipi Mwambani, hapa Tanga, au linaloegeshwa chini ya mwembe Chumbageni na mwenyewe akachonga, akatengeneza baiskeli au akachezea redio zake. Meza yake ni ubao wa kama sentimita 120 kwa 50, umefungwa ukutani kwa bawaba, ndani au ubavuni kwa nje. Wakati wa kazi unainuliwa, wakati wa safari unalazwa.

Kabla hujashika bisibisi

Fungua meza kama unavyoifungua siku zote. Weka kidole gumba kwenye bawaba, nusu yake iguse jani la bawaba na nusu iguse ukuta. Mwombe mwenzako abonyeze ukingo wa mbele kwa nguvu ya kawaida, kisha aachie, kisha abonyeze tena. Kidole kitakwambia mengi.

Ukihisi jani linaachana na ukuta, tatizo liko kwenye skrubu au kwenye ukuta wenyewe. Jani likitulia lakini pini inacheza ndani ya tundu lake, bawaba imekwisha. Vyote viwili vikitulia na ukingo bado unashuka, shuka na jicho mpaka kwenye mikono inayoegemeza meza kwa chini, utazame viungo vyake. Na kama hakuna kinachocheza ila tela zima linainama pamoja na meza, iache meza na bawaba zake. Ruka mpaka kwenye sehemu ya jeki.

Rudia kwa kila bawaba. Meza yenye bawaba tatu inaweza kuwa na mbili nzima na moja inayodanganya.

Skrubu zinang'oka ukutani, meza inainama mbele

Hili ndilo linalowapata wengi. Kuta za matela madogo mara nyingi ni ngozi tu: bati jembamba la alumini kwa nje, plaiwudi nyembamba kwa ndani, na katikati upenyo. Nguvu za ukuta ziko kwenye mbavu, zile nguzo za chuma au za mbao zilizofichwa ndani. Skrubu isiyopata ubavu imeshika meno mawili matatu basi, na hata ikiwa nene kiasi gani haina cha kung'ang'ania.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kuifanya kabla ya kununua chochote. Chukua vaisi (jiliwa) pamoja na kazi iliyoshikwa, jumla kilo 20, vikae ukingoni, sentimita 50 kutoka ukutani. Mikono ya kuegemeza imeshika ukuta sentimita 30 chini ya bawaba. Nguvu inayoivuta bawaba itoke ukutani ni 20 mara 50 gawa kwa 30, yaani kama kilo 33. Sasa sogeza mikono ile iwe sentimita 15 tu chini ya bawaba, kwa kuwa eti inachukua nafasi ya miguu. Nguvu inapanda mpaka kilo 67. Mtu akiegemea kwa viwiko akaongeza kilo 30, bawaba inavutwa kwa kilo 167, na zote hizo zinaning'inia kwenye skrubu nne za robo inchi ulizopewa bure na bawaba.

Nguvu hiyohiyo, upande wa pili, inausukuma ukuta kwa ndani pale mguu wa mkono unapogusa. Kwa hiyo ukiona bonde dogo ukutani chini ya meza, au rangi imepasuka kwa mduara mahali hapo, usiliite dogo. Ni dalili ileile ya skrubu kung'oka, inayoonekana mapema zaidi.

Tiba ina hatua mbili. Kwanza shusha mahali mikono inaposhika ukuta. Sentimita 30 chini ya bawaba ndiyo nafasi ya chini ninayoikubali kwa meza ya sentimita 50; ukipata 40, bora zaidi. Pili, zitafute mbavu. Kwa nje, mstari wa ribiti huwa unafuata ubavu. Kwa ndani, gonga kwa kifundo cha kidole: penye upenyo pana sauti ya debe, penye ubavu sauti inakuwa fupi na kavu. Fremu ikiwa ya chuma, sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu itakuonyesha kila kitu ndani ya dakika moja. Kabla ya kutoboa, ujue nyaya za taa za nyuma zinapita wapi, kwani drili haitambui waya.

Mbavu zisipoangukia unapotaka bawaba, usihamishe meza. Pitisha mbao ya inchi 2 kwa 4, au flati ya chuma yenye unene wa mili 4 au zaidi, ilale kutoka ubavu hadi ubavu, uifunge kwenye mbavu zote mbili kwa bolti, kisha bawaba uzifunge kwenye mbao hiyo. Pasipo na namna kabisa, toboa ukuta mpaka nje, weka sahani ya chuma au alumini upande wa pili, na funga kwa bolti, washa pana na nati yenye plastiki ndani. Bolti za mili 6 zinatosha. Ziba matundu kwa nje, maji ya masika yasipate njia.

Kuna dawa ya mtaani ya kujaza tundu kwa njiti za kiberiti na gundi, kisha skrubu ikarudishwa. Mlango wa kabati utapona kwa dawa hiyo. Meza hii haitapona, kwa sababu mvuto wake unakuja upya kila unapoegemea, na gundi kavu haijui kunyumbulika.

Wapo wanaoacha mikono ya chini na kutundika meza kwa minyororo kutoka juu, miguu ipate nafasi. Ni wazo zuri. Lakini hesabu haijapungua, imehama tu: bawaba sasa inasukumwa ukutani, na kilo 33 zile zinavuta ndoano ya mnyororo. Ndoano hiyo nayo inataka ubavu au sahani ya nyuma kama ilivyotaka bawaba.

Ukienda kwa fundi wa kuchomelea atakwambia, "Kaka, tuzichomelee bawaba kwenye fremu, mambo yaishe." Mshukuru, ukatae. Skwea paipu ya tela dogo mara nyingi ni nyembamba na moto unaitoboa. Kama fremu imepakwa zinki, moshi wake una sumu na mahali palipoungua ndipo kutu itakapoanzia. Na siku bawaba ikifa utaihitaji grenda kuitoa. Bolti inafunguka kwa spana.

Ukuta mzima, bawaba nzima, ukingo bado unashuka

Hapa mkosaji ni kiungo cha mkono. Mkono wa kukunja una pini mbili au tatu, na kila pini ina mchezo wake kidogo. Mchezo huo unakua kadiri mkono unavyoshika karibu na ukuta. Mkono ulioshika meza sentimita 15 kutoka kwenye bawaba ukicheza mili 2, ukingo wa mbele unashuka karibu mili 7, na penseli inaviringika mpaka chini. Mkono huohuo ukishika sentimita 35 kutoka ukutani, ukingo hauzidi mili 3.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mikono mipya ya bei, sogeza ile uliyonayo mbele zaidi. Badala ya ribiti kwenye viungo, weka bolti yenye nati ya plastiki na washa nyembamba kati ya vyuma, uikaze mpaka mkono uende kwa kusukumwa, usianguke wenyewe. Na unapofunga kwa mara ya mwisho, iache meza inyanyuke kidogo mbele, mili 3 hadi 5 juu ya usawa wa pimamaji. Ikibeba mzigo itakaa sawa. Mafundi wa rafu wanalijua hili, ila hawalisemi mpaka uwaulize.

Meza imetulia, tela ndilo linalocheza

Tela la ekseli moja limekaa juu ya springi na matairi mawili. Ukipiga msumeno au tupa, linaitikia. Ukikaza bolti kwenye vaisi, linageuka. Hakuna bawaba itakayoponya hilo. Dawa ni kulinyanyua tela kwa jeki za kona, zile za kuzungusha kwa mkono au hata miguu ya skwea paipu iliyo ndani ya bomba lingine na pini ya kuizuia, mpaka springi zipumzike kidogo. Kidogo tu, kazi ya miguu hiyo ni kutuliza, haikukusudiwa kubeba tela zima. Penye mchanga, kama kule ufukweni Mwambani, weka kipande cha mbao chini ya kila mguu, la sivyo baada ya nusu saa miguu imezama na meza imelala upande.

Anza na sehemu ya nyuma kabla hujalichomoa tela kwenye gari. Tela lililochomolewa bila jeki za nyuma, mtu akiegemea meza iliyo nyuma ya ekseli, pua inanyanyuka na kila kilicho mezani kinamwagikia mwilini mwake. Kama una watoto wanaozunguka hapo, hatua hii usiiruke hata siku una haraka.

Sasa lile gonjwa la ziada la meza ya nje. Wengi huipa mguu mmoja au miwili inayosimama ardhini, na inaonekana imara kweli. Halafu mtu anaingia ndani ya tela kuchukua koleo. Springi zinazama, tuseme sentimita 2. Ukuta unashuka na bawaba zake, lakini mguu umesimama ardhini na hauendi popote. Meza inapindwa katikati, na skrubu za bawaba zinalipa. Akitoka, tela linapanda na kuivuta upande wa pili. Ukiona skrubu zimelegea juu na chini ya jani kwa pamoja, na matundu yamekuwa marefu kama mayai, sababu ndiyo hiyo.

Chagua moja: ama tela lote likae juu ya jeki kabla mguu haujashushwa, ama mguu usiguse ardhi kabisa, uende kwa mshazari mpaka kwenye chasisi chini ya mlango, ili meza na tela vipande na kushuka pamoja. Mimi napendelea wa mshazari. Hauhitaji ardhi tambarare, na nje ya lami ya mjini ardhi tambarare ni ya kutafuta.

Haishuki au haipandi mpaka mwisho

Meza inakwama ikiwa imebakiza vidole vitatu kufika ukutani, na ukiisukuma bawaba zinalia. Acha kusukuma. Mara nyingi bawaba imefungwa upande usio wake.

Meza inayolazwa kwa kushuka chini inataka pini ya bawaba iwe usawa wa uso wa chini wa ubao. Meza inayolazwa kwa kupanda juu inataka pini iwe usawa wa uso wa juu. Ukikosea, ukingo wa nyuma wa ubao unalazimika kuingia ndani ya ukuta ili meza igeuke, na ukuta haukubali. Unene wa ubao wako ndio unaozuia. Chukua kipande cha kadibodi nene, kishike pembeni mwa ukuta, kizungushe kwenye kona ya chini kisha kwenye kona ya juu, utaliona jambo hili wazi kuliko mchoro wowote.

Uchaguzi huo una matokeo mengine. Meza inayoshuka inalala huku uso wake wa kazi ukitazama nje, hivyo vaisi inaweza kubaki palepale ila uso unapokea vumbi lote la Pongwe. Meza inayopanda inaficha uso wake ukutani, inabaki safi, lakini vaisi lazima ifunguliwe kila safari, au ukuta uachiwe nafasi ya kuimeza. Wengine huweka kibao cha mbao kati ya bawaba na ukuta ili meza ikae mbali kidogo. Hilo linafaa, mradi bolti zirefushwe zipite kibao na kufika kwenye ubavu.

Kama pini ziko upande sahihi na bado meza inakwama katikati ya safari yake, bawaba hazijakaa kwenye mstari mmoja. Vuta uzi kutoka pini ya kwanza hadi ya mwisho. Ya katikati ikiwa nje ya uzi hata kwa mili 2, zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Hapa ndipo bawaba ndefu ya urefu wote wa meza inapostahili bei yake, maana pini yake ni moja tu na haina wa kupigana naye.

Ikishuka kwa kishindo na kutishia vidole, shokapu za buti la gari chakavu zinavutia kwa bei, ila zimetengenezwa kuinua mlango mzito. Ubao wa plaiwudi ya mili 18 wa vipimo vyetu una kilo 6 hadi 7 tu, na shokapu hizo zitaukatalia kushuka kabisa, au zitang'oa zilipofungwa. Kamba fupi ya mkonge na kulabu ya kuishikia inatosha.

Kutu, doa na unga mweupe

Tanga ina upepo wa bahari mwaka mzima, uwe wa kusi au wa kaskazi, na upepo huo umebeba chumvi. Tela linaloegeshwa Raskazone litazeeka tofauti na la Muheza, hata kama yametengenezwa siku moja na fundi mmoja.

Ukiona kutu nyekundu kwenye bawaba inayong'aa, hiyo ni ya chuma iliyopakwa zinki nyembamba. Ndani ya nyumba inaishi. Karibu na bahari zinki inakwisha kwanza kwenye kiungo, ambako pini inasugua, na meza inaanza kugoma kufunguka asubuhi. Mafuta yataifungua wiki hii. Ya kudumu ni kubadilisha kwa stenlesi, na kwa pwani daraja 316 linaivumilia chumvi kuliko 304. Dukani usiamini mng'ao, nenda na sumaku yako. Ikishika kwa nguvu kama inavyoshika msumari, hiyo si 304 wala 316. Ikishika kwa mbali tu, usiitupe bado, kwani 304 iliyokunjwa bila kupashwa moto hupata usumaku kidogo.

Unga mweupe kuzunguka skrubu kwenye ukuta wa alumini ni habari nyingine. Skrubu inaweza kuwa ya stenlesi nzuri, inang'aa, na ndiyo hasa chanzo. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja inaliwa, na hapa inayoliwa ni alumini. Tundu linapanuka polepole huku skrubu ikibaki nzima, mpaka siku moja unaichomoa kwa vidole. Zitenganishe: washa ya nailoni chini ya kichwa, rangi au grisi nene kwenye meno ya skrubu, na ukanda wa plastiki ngumu nyuma ya jani la bawaba. Mpira wa tyubu usiutumie hapa, weusi wake ni kaboni, nayo huzidisha kuliwa kwa alumini. Ribiti za alumini kwenye sahani kubwa ya stenlesi nazo ni mwaliko wa balaa, maana kidogo ndicho kinacholiwa na kikubwa.

Angalia pia silikoni uliyozibia matundu. Ile inayonuka kama siki wakati wa kukauka inatoa asidi, na asidi hiyo inaunguza metali. Dukani omba isiyo na asidi. Pua yako itakuthibitishia ukifika nyumbani.

Baada ya siku ya kuvua, miminia bawaba, komeo na viungo maji baridi ya bomba, uviache vikauke kabla ya kulaza meza. Ndoo moja inatosha, na inaokoa kuliko makopo ya dawa ya kutu.

Ubao umevimba kingo au umejikunja

Sasa ubao. Ukivimba kingo na tabaka zikaanza kuachana, gundi ya plaiwudi hiyo haikutengenezewa maji. Wakati wa kununua mwingine, omba kipande cha pembeni, kichemshe saa mbili tatu kwenye sufuria lako la gereji, si la jikoni. Tabaka zikiachana, kiache dukani. Marini bodi nyeusi ya kumwagia zege inastahimili maji vizuri, lakini ukiikata kingo zinabaki wazi, na uso wake wenye utelezi hautaipenda kazi ya patasi. MDF na chipbodi, zile mbao za unga na vumbi la mbao lililoshindiliwa, usizifikirie kabisa kwa tela la pwani.

Ubao uliojikunja kama chano mara nyingi umepakwa vanishi juu tu. Uso wa chini unavuta unyevu, wa juu hauvuti. Upake pande zote mbili idadi sawa ya mikono ya vanishi, na kingo uzipe mkono mmoja au miwili ya ziada, kwa kuwa huko ndiko maji yanakopita. Kabla ya kupaka, usafishe matundu ya bolti na kuyapaka ndani pia.

Mwenye uwezo wa mbao nzima, mtiki wa Longuza uko hapo Muheza tu na haushangazwi na maji. Una mafuta yake ya asili yanayokataa gundi na vanishi, hivyo ufute kwa thina na uunge mara tu unapokauka. Ni mzito vilevile, na uzito nitaurudia mwishoni.

Na skrubu usizipige kwenye ukingo wa plaiwudi. Zinaingia kati ya tabaka na kuzipasua. Zipite usoni.

Inapiga kelele njiani, au imefunguka yenyewe

Kelele ni nafasi. Gundisha vipande vya tyubu ya baiskeli pale ubao unapogusa ukuta ukiwa umelazwa, na komeo liufinye ubao mpaka mpira ubonyee. Kama komeo linashikwa na springi peke yake, matuta ya barabara za mitaani yatalifungua siku yoyote. Ongeza pini inayopita tundu, na iwe imefungwa kwa mnyororo mfupi isipotee. Meza ya nje lazima iwe na viwili, komeo na pini, kwa sababu ikifunguka ikiwa barabarani inampata mwenye bodaboda.

Nati zinazolegea kila safari zibadilishwe kwa zile za plastiki ndani. Kuzikaza zaidi hakusaidii.

Mgongo unauma

Urefu umepimwa kutoka sakafu ya tela wakati wewe unasimama nje. Pima kutoka ulipo unyayo, tela likiwa limekaa sawa na limepakiwa. Kazi ya kusimama inataka sentimita 85 hadi 95 kwa watu wengi, ya kukaa 70 hadi 75. Ya vaisi ipimie kiwiko.

Tela limeanza kuyumba nyuma ya gari

Hii ndiyo dalili ambayo watu hawaihusishi na meza, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote. Tela lilikuwa linafuata vizuri. Tangu meza iwekwe, likifika kasi kidogo kwenye lami ya Muheza linaanza kupiga mkia. Punguza kasi kwa kuachia mafuta taratibu, usipige breki kwa ghafla, usipindishe usukani kulifuata.

Chanzo ni uzito uliokaa nyuma ya ekseli. Pua ya tela, pale inaposhika gari, inatakiwa ibebe kiasi: kwa matela madogo, asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote uliopakiwa ni kipimo cha kuanzia. Tela la kilo 500 liwe na kilo 25 hadi 50 puani. Meza, mikono, vaisi na mbao ya nyuma ya bawaba, jumla kilo 20, vikifungwa mita 1.5 nyuma ya ekseli kwenye tela ambalo pua yake iko mita 2.5 mbele ya ekseli, vinaipunguzia pua kilo 12. Kwa tela lililokuwa na kilo 30 puani, hiyo ni karibu nusu.

Pima kwa mizani ya bafuni: tela likiwa tambarare na limepakiwa kama la safari, pua ikae juu ya kigogo kilichosimama kwenye mizani, urefu uleule wa ndoana ya gari. Ikiwa pungufu, vaisi ihame mbele ya ekseli wakati wa safari, boksi la vifaa lifuate, na kama bado, meza yenyewe ihamie ukuta wa mbele. Kisha pima tena kabla ya kutoka, kwa sababu dumu la maji na boksi la barafu la samaki navyo havikai mahali pamoja kila safari, na wakati wa kurudi kutoka Mwambani boksi hilo huwa, Mungu akijalia, zito kuliko lilivyokwenda.